Mwacheni Dolly Levi

Filamu nyingi husemwa vibaya na watu walioziona. The Matchmaker ya mwaka 1958 husemwa vibaya na watu walioona filamu nyingine. Wameona Hello, Dolly! ya 1969: Barbra Streisand anashuka ngazi za mgahawa na gauni lake la dhahabu, wahudumu wamejipanga kumpokea, Louis Armstrong anaibuka na ile sauti yake ya mkwaruzo. Ukimwambia mmoja wao kwamba miaka 11 kabla ya hapo Paramount walitoa filamu ya hadithi hiyohiyo, ya nyeusi na nyeupe, inayotegemea maneno badala ya nyimbo, anakutazama kama umemwalika kwenye biriani isiyo na nyama.

Hoja dhidi ya filamu hii nimezisikia kwa muda mrefu, vijiweni mwa wapenda sinema na katika maandishi ya wahakiki wanaokopeshana maneno. Baadhi zina nusu ya haki. Nyingi hazina. Nitazijibu moja moja, na inayostahili jibu fupi italipata jibu fupi.

Kwanza kisa chenyewe, kwa wasiokijua. Tuko miaka ya 1880. Horace Vandergelder ni mfanyabiashara tajiri wa Yonkers, mji ulio kaskazini tu ya jiji la New York kando ya Mto Hudson. Amefiwa na mke na sasa anataka kuoa tena. Kazi ya kumtafutia mchumba amempa Dolly Levi, mama mjane wa New York. Macho ya Vandergelder yako kwa Irene Molloy, mjane kijana mwenye duka la kofia. Macho ya Dolly yako kwa Vandergelder mwenyewe. Bosi akiondoka kwenda mjini kuchumbia, wafanyakazi wake wawili wa dukani, Cornelius Hackl na Barnaby Tucker, wanafunga duka na kutorokea mjini hukohuko, na Cornelius ameapa kwamba hawarudi Yonkers kabla ya kumbusu msichana. Wakimkwepa bosi, wanajitupa ndani ya duka la kwanza lililo wazi. Ni la Irene. Mmoja anaishia kabatini, mwingine chini ya meza, na Vandergelder anaingia. Jioni wote wanakutana katika mgahawa mmoja wa bei mbaya.

"Ni Hello, Dolly! iliyonyang'anywa nyimbo." Hapa kalenda inatosha. Tamthilia ya Thornton Wilder iitwayo The Matchmaker ilifika Broadway Desemba 1955, na filamu ikafuata 1958. Tamthilia ya muziki ya Hello, Dolly! ilifunguliwa katika ukumbi wa St. James tarehe 16 Januari 1964. Michael Stewart aliyeandika maneno yake na Jerry Herman aliyetunga nyimbo zake walianza kazi wakiwa na kitabu cha Wilder mezani. Kwa hiyo hakuna aliyemnyang'anya mtu nyimbo. Ziliongezwa, na kila wimbo ulioongezwa ulikula nafasi ya kitu kingine.

Mafanikio yaliyofuata yalikuwa ya kufunika kila kitu. Onyesho lilichezwa mara 2,844, likazoa tuzo 10 za Tony. Rekodi ya Armstrong ya wimbo mkuu ilipanda hadi nafasi ya kwanza Marekani Mei 1964, wakati Beatles walikuwa wameishikilia nafasi hiyo kwa wiki 14 mfululizo, na mwenye rekodi alikuwa mzee wa miaka 62. Nani angekumbuka filamu ya nyeusi na nyeupe baada ya kelele zile? Lakini kusahauliwa si hukumu. Kilicholiwa na nyimbo ni njaa ya wale vijana wawili wa dukani. Kwa Wilder, Cornelius na Barnaby ni wafanyakazi wa kweli: siku zao zinaanzia dukani na kuishia dukani, bosi anawaahidi kuwapandisha cheo na, akiulizwa cheo cha sasa ni kipi, anajibu kwa tusi. Kutoroka kwao kunakaribia kuwa mgomo. Katika filamu ya 1969 wametolewa nje na kuvalishwa vizuri kiasi kwamba kutoroka kunafanana na pikiniki ya wanakwaya.

"Wilder aliiba." Hoja hii hurudi kila mara, na ina sababu ya kurudi. Wilder alikuwa tayari na doa. Mwaka 1942, baada ya tamthilia yake The Skin of Our Teeth, wasomi wawili walimshutumu hadharani kwamba ameibeba kutoka kwa James Joyce. Mtu akishashukiwa mara moja, hata mzigo wake mwenyewe hukaguliwa.

Sasa fuata mlolongo wa kisa hiki. Mwaka 1835 Mwingereza John Oxenford aliandika kichekesho kifupi, A Day Well Spent. Mwaka 1842 Johann Nestroy wa Vienna akakichukua na kukipanua, akawapa Waaustria mchezo ambao wameendelea kuupenda mpaka leo: wafanyakazi wa duka la vyakula wanatoroka kwenda kustarehe Vienna na kila kona wanakutana na bosi wao. Mwaka 1938 Wilder akauhamishia New York kwa jina la The Merchant of Yonkers. Je, alificha? Kitabu cha tamthilia kilipochapishwa, Nestroy na Oxenford walitajwa kwa majina, pamoja na miji na miaka ya kazi zao. Mwizi gani huacha anwani ya nyumba aliyovunja? Na mwaka 1981 Tom Stoppard wa Uingereza alirudi kisimani kwa Nestroy huyohuyo akateka On the Razzle, na hakuna aliyemwita polisi.

Kilicho muhimu zaidi ni hiki: kwa Oxenford hakuna Dolly, na kwa Nestroy hakuna Dolly. Huyo ni wa Wilder. Hata hivyo mbegu yake ilitoka Ufaransa, katika mchezo wa Molière wa mwaka 1668 kuhusu bahili Harpagon. Ndani yake kuna mwanamke mjanja, Frosine, anayemshawishi bahili amuoe binti maskini. Bahili anauliza, mahari iko wapi? Kwa desturi ya huko ni upande wa binti ndio unaotoa. Frosine anaanza kumpigia hesabu. Binti hali chakula cha gharama, hapo umeokoa 3,000 kwa mwaka. Hapendi nguo za fahari wala vito, weka 4,000. Hachezi kamari, weka 5,000. Jumla mahari ya 12,000 kila mwaka, yote ikiwa pesa ambayo binti hataitumia. Wilder akalichukua tukio hilo, akaliweka Yonkers, na tofauti aliyoifanya ndiyo iliyozaa mhusika mpya. Frosine anapiga porojo kwa matumaini ya kutupiwa chochote. Dolly anapiga porojo ili mwanamume amchoke kila mwanamke mwingine na kubaki naye.

Niongeze kwamba kisa hiki hakikuzaliwa na bahati. The Merchant of Yonkers ilifunguliwa Desemba 1938 chini ya Max Reinhardt, gwiji wa majukwaa ya Berlin na Vienna aliyekuwa amekimbia Wanazi. Katika karatasi, kila kitu kilikuwa sawa: mchezo wenye asili ya Vienna, mikononi mwa bwana wa Vienna. Ilichezwa mara 39 ikafungwa. Miaka 16 ikapita kabla Tyrone Guthrie hajaiongoza upya kwenye tamasha la Edinburgh mwaka 1954, Ruth Gordon akiwa Dolly. Maandishi yalibadilishwa kidogo, na jina likatoka kwa mfanyabiashara likaenda kwa mama wa posa. Ikaenda London, ikafika Broadway, ikachezwa mara 486. Kwa hiyo msisitizo kwamba filamu ya 1958 ilitokana na "mchezo mwepesi wa kuchuma pesa" hauna mguu. Mchezo huo ulishakufa mara moja.

"Dolly ni Myahudi, na filamu imemficha." Jina lake kamili ni Dolly Gallagher Levi. Gallagher ni la kwao, la Kiayalandi. Levi ni la marehemu mumewe Ephraim, mtu wa Vienna. Watu wanachanganya mhusika na Streisand, ambaye ndiye Myahudi.

"Dolly ni tapeli." Hii ndiyo hoja nzito, na sitaikwepa kwa kusema ni vichekesho tu. Dolly anadanganya tangu mwanzo mpaka mwisho. Anamsimulia Vandergelder habari za binti aitwaye Ernestina Simple, mzuri, hodari wa mapishi, anayewapenda wanaume wa makamo; binti huyo hayupo duniani. Anamhakikishia Irene kwamba Cornelius, mtu ambaye mfukoni hana hela ya chakula cha jioni, ni kijana mashuhuri wa mjini mwenye maisha mawili. Anatembea na kadi za biashara za kila kazi: moja inatangaza tiba ya mishipa iliyovimba miguuni, nyingine mafunzo ya gitaa na mandolini. Mtu wa namna hii akibisha hodi kwako na posa, unafunga mlango.

Msomaji wa Kiswahili ana kipimo chake, na kipimo hicho kinamweka Dolly pabaya zaidi. Mshenga tunayemjua sisi hutumwa. Upande wa mwanamume umeshaamua. Yeye anabeba posa, anaketi na wazee wa upande wa pili, anarudi na jibu na masharti ya mahari. Sifa yake ni kufikisha maneno kama alivyopewa. Dolly hakutumwa na ukoo wowote. Anamtoza ada mteja wake, na tangu siku ya kwanza anafanya kazi dhidi ya mteja huyohuyo. Kwa kipimo cha ushenga amefeli mtihani wote.

Ila New York ya miaka ile ilikuwa imejaa watu walioacha wazee wao ng'ambo. Hakuna shangazi wa kumuuliza binti moyo wake uko wapi. Hakuna mjomba wa kupeleka barua. Irene hana baba anayetajwa, Cornelius hana kaka, na Dolly mwenyewe alimzika mtu pekee aliyemjua vizuri. Ukoo mzima haupo, na Dolly amejaza pengo lake kwa ada ndogo na kadi za kuchapisha. Ujanja wake unatokana na hapo: mwenye ukoo hatumii uongo, kwa sababu ukoo unamsemea.

Halafu tazama nani anaumizwa na uongo huo. Irene anataka kuolewa na Vandergelder kwa sababu amechoka na kofia. Katika tamthilia anaeleza hali yake wazi: mwanamke mwenye duka la kofia hushukiwa mwenendo, hivyo asionekane mgahawani wala dansini, la sivyo wateja watakimbia. Ndoa na tajiri wa Yonkers ni mlango wa kutokea, basi. Bila uongo wa Dolly asingemtazama Cornelius mara mbili. Ukweli unapojulikana, Irene hamrudii tajiri. Cornelius naye hajadanganya kwa hiari. Amekaa ndani ya uongo wa mtu mwingine akitokwa jasho, akihesabu gharama ya kila sahani inayoletwa mezani. Anayebaki ni Vandergelder. Huyu anatafuta mtu wa kupika, kufua na kutunza nyumba bila mshahara, na jambo hilo analiita ndoa. Dolly anampa ndoto ya mke rahisi, anamwacha aikimbilie siku nzima. Kama huyo ni mwathirika wa utapeli, basi ni mwathirika aliyekuja na gunia lake mwenyewe.

Kuna jambo moja katika tamthilia ambalo wenye hoja hii hawaligusi. Dolly anabaki peke yake na kuzungumza na Ephraim marehemu. Anamweleza jinsi alivyoishi baada ya msiba: kila usiku kufunga mlango, kushukuru kwamba shida za watu wengine hazimhusu, kulala. Siku moja likadondoka kutoka katika Biblia yake jani la mwaloni alilolihifadhi tangu siku Ephraim alipomchumbia. Lilikuwa na umbo lake lote, rangi hakuna, uhai hakuna. Mwanamke akajiona mwenyewe pale. Alipomaliza kulitazama aliamua kurudi kwa watu, pamoja na upumbavu wao wote. Uongo wa Dolly ninausoma kutokea kwenye jani hilo. Anadanganya kama mtu aliyekuwa amenyamaza miaka mingi na sasa hana muda wa kufuata taratibu.

"Wahusika wanazungumza na kamera, ni jukwaa tu lililopigwa picha." Nusu ya haki ipo. Mwongozaji Joseph Anthony alitoka jukwaani. Alikuwa ameongoza The Rainmaker kwanza Broadway, kisha kwenye filamu mwaka 1956. Vyumba vyake vina ukuta wa nne uliokosekana, na watu huingia na kutoka kama wanaoitwa kutoka pembeni. Hilo nalikubali. Lakini hiyo ya kusema na kamera inatumika kama ushahidi wa upande usio wake. Wilder ndiye mwandishi wa Our Town, ya mwaka huohuo 1938, ambamo msimamizi wa jukwaa anawaeleza watazamaji mambo uso kwa uso. Kwake kuvunja ukuta kulikuwa msimamo. Jukwaani, mwigizaji akigeukia watazamaji hakuna anayeshtuka, kwa kuwa ni desturi ya karne na karne. Kwenye filamu ya Hollywood ya 1958 ni jambo jingine kabisa. Oliver Hardy aliwahi kuitazama kamera kuomba huruma, Bob Hope aliitupia utani, lakini kuwapa wahusika wa kisa cha mapenzi ruhusa ya kusimama na kumweleza mtazamaji wanachofikiri kuhusu pesa, kazi na upweke ni hatua ndefu. Miaka mitano baadaye Tom Jones iliposhangiliwa kwa kufanya hivyo, na Alfie mwaka 1966, ilionekana kama hewa mpya kutoka Uingereza. Mwandishi wa skripti ya The Matchmaker, kwa njia, ni John Michael Hayes, aliyemwandikia Hitchcock Rear Window na To Catch a Thief. Mtu huyo alijua vizuri kamera ni kitu gani.

Na tazama Paul Ford anavyoitumia nafasi hiyo. Wamarekani wa wakati ule walimjua kama kanali anayezidiwa ujanja kila wiki na Phil Silvers kwenye televisheni. Vandergelder wake anaamini kwamba karibu dunia nzima imejaa wapumbavu, na anapomgeukia mtazamaji anazungumza kama anayepeana siri na mwenye akili mwenzake. Hajui kwamba sisi tumeshahesabiwa miongoni mwa hao wapumbavu.

"Shirley Booth ni mzee mno, na Streisand alilithibitisha hilo." Streisand alithibitisha kinyume. Booth alizaliwa 1898. Alikuwa anakaribia miaka 60 alipomcheza Dolly. Ford, Vandergelder wake, alizaliwa 1901. Hao ni watu wawili wenye miguu inayouma, kila mmoja na kaburi lake nyuma, wanaopimana kwa tahadhari. Ukiwaona mezani mgahawani, Dolly akimkatia nyama na kumwamulia ale nini, unaona ndoa ya miaka 20 iliyoanza kabla ya uchumba. Streisand alikuwa na miaka 26 wakati wa kupiga picha mwaka 1968, mbele ya Walter Matthau wa miaka 47. Sauti yake haina mpinzani, na sitaki kusikia mtu akisema vibaya kuhusu sauti ile. Lakini mjane wa miaka 26 anayesema anataka kurudi duniani kabla gwaride halijampita, amechelewa nini hasa? Gwaride lenyewe bado halijafika mtaani kwake.

Matthau na Streisand hawakupikika chungu kimoja, na ugomvi wao ulijulikana mpaka nje. Twentieth Century-Fox walitumia kama dola milioni 25, wakajenga mtaa wa New York ndani ya uwanja wa studio, wakaleta maelfu ya watu kuandamana. Filamu ikapata uteuzi saba wa Oscar na kushinda tatu: sauti, muziki na mandhari. Hakuna hata moja ya uigizaji. Kuna kichekesho kizuri kuhusu Oscar na akina Dolly: usiku wa tarehe 14 Aprili 1969, Streisand alishinda kwa Funny Girl, na usiku uleule Ruth Gordon, Dolly wa Edinburgh na Broadway, akashinda kwa Rosemary's Baby. Booth alikuwa na yake tangu Come Back, Little Sheba ya 1952. Dolly watatu, sanamu tatu, na hakuna sanamu iliyotolewa kwa ajili ya Dolly.

Wenye kushikilia umri wanasahau pia kwamba mjane kijana yumo tayari kwenye kisa. Irene wa 1958 ni Shirley MacLaine, aliyetimiza miaka 24 mwaka huo. Alizaliwa tarehe 24 Aprili, siku moja na Streisand, tofauti ya miaka minane. Ukiweka msichana kwenye nafasi ya Dolly, unakuwa na wajane vijana wawili na hakuna aliyezeeka. Ulinganisho wote wa Wilder unavunjika: mwanamke aliyekwisha kuona mapenzi ya kweli na kuyazika, akimsogeza polepole mwenzake aliye tayari kuuza ujana wake kwa usalama.

"Anthony Perkins, yule Cornelius, haaminiki kama mpenzi." Anayesema hivi ameona Psycho, iliyotoka 1960, ambamo Perkins ni muuaji, halafu akarudi nyuma. Watazamaji wa 1958 hawakuwa na mzigo huo. Aibu yake, mikono isiyojua pa kukaa, kucheka kabla ya kusema: vyote vinafaa kwa mtu ambaye maisha yake yote yamepita nyuma ya kaunta. Robert Morse aliye pembeni yake kama Barnaby alishacheza nafasi hiyohiyo Broadway, na anajua kila pumzi ya mzaha. Ndiyo maana Perkins anaonekana mtu wa kweli zaidi: mmoja anachekesha, mwingine anaogopa.

"Kila kitu kinatokea siku moja; hayo si mapenzi." Sawa, si mapenzi. Ni likizo. Vijana hawa wana siku moja kwa sababu wamepewa siku sifuri.

"Mwisho wa yote, Dolly anaolewa kwa ajili ya pesa." Ndiyo. Na anasema. Hapa ndipo ninapotofautiana na watetezi wengine wa filamu hii, ambao hukimbilia kumtakasa: eti ndani ya moyo wake alimpenda mzee. Sioni haja. Vichekesho vingi vya mapenzi vya Hollywood hufanya pesa ionekane ajali. Msichana anampenda kijana, halafu kwa bahati kijana anagundulika kuwa milionea, na sote tunajifanya hatukuona. Kisa hiki hakijifanyi. Tangu mwanzo tunajua Vandergelder anacho, Dolly hana, Cornelius hana, na hata busu ambalo Cornelius amelitorokea dukani linakuja na bili ya mgahawa, kwa sababu Irene, akiamini yuko na matajiri, anaagiza vya ghali.

Ephraim marehemu alikuwa na nadharia kuhusu pesa, ileile ya mbolea ambayo wapenzi wa Hello, Dolly! wanaijua vizuri (haifai kitu mpaka itawanywe), na mkewe aliirithi badala ya mali. Dolly anaitaka pesa ya Vandergelder itoke kwenye sanduku lake, imfikie fundi, mpishi, mwenye duka jirani, kijana anayetaka kuoa. Yeye mwenyewe atafaidi, hafichi. Mwanamke anayetaka tajiri amtunze angeishia kutunzwa. Huyu anataka ufunguo.

Wahakiki hulalamika kwamba Vandergelder anabadilika ghafla mno mwishoni. Habadiliki, anapiga hesabu. Kwa siku moja amepoteza wafanyakazi wawili, mchumba mmoja wa kweli, mmoja wa kubuni na, kwa muda, mkoba wake wa pesa uliodondoka mgahawani. Mfanyabiashara hodari akipata hasara ya namna hiyo hutafuta mbia anayejua soko, na mtu anayejua soko amekaa mbele yake tangu asubuhi. Katika tamthilia, kabla hata harusi haijapangwa, Cornelius anatoka kwenye ukarani na jina lake linaingia kwenye kibao cha duka: Vandergelder na Hackl. Dolly hajahamia Yonkers bado, na pesa imeshaanza kutembea.